Paswedi ni sahihi, flashi ni nzima, lakini haifunguki: kisa cha flashi ya Lushoto

Nimeona niandike kisa hiki kwa urefu kwa sababu watu wanapoteza data zao kwa tatizo ambalo hata si tatizo la data. Flashi iliyofungwa kwa LUKS (mfumo wa Linux wa kufunga data kwa paswedi) ikigoma kufunguka, cha kwanza utasikia paswedi imekosewa, cha pili flashi imekufa, na cha tatu ambacho ndo kibaya kuliko vyote ni "tuifomati tuanze upya". Kwenye kisa hiki hakuna hata kimoja kilichokuwa kweli, na ilibaki kidogo tu maelezo ya watu yaende na maji.

Mazingira kwanza. Kuna kikundi cha wasaidizi wa kisheria kipo Tanga mjini, na wana kituo kidogo Lushoto. Wanachukua maelezo ya wanawake wenye kesi za mirathi, matunzo ya watoto, vipigo vya nyumbani, yaani mambo ambayo mtu amekuambia kwa sababu amekuamini na yakivuja kuna mtu anaumia kweli. Sauti zinarekodiwa, zinaingizwa kwenye flashi ya GB 128, halafu flashi inapanda na kushuka na basi, Tanga, Muheza, Korogwe, Mombo, kisha zile kona za kupandisha Lushoto, na mbebaji ni yeyote mwenye safari wiki hiyo. Flashi inaweza kudondoka, kuibiwa pamoja na pochi, kusahaulika kwenye siti. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, kuzilinda taarifa kama hizo ni wajibu wa kisheria, ila mimi nasema hata sheria isingekuwepo, mama aliyekaa mbele yako akalia na kukusimulia unamdai heshima hiyo.

Tanga wana laptopu nzuri tu, RAM ya GB 16, inaendesha Debian 12, aina mojawapo ya Linux. Lushoto wana Raspberry Pi 3, kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja, ile yenye RAM ya GB 1, wameiweka kwa sababu inakula umeme kidogo na wanatumia sola. Kwa kusikiliza sauti na kuandika maelezo inawatosha. Kijana anayewasaidia mambo ya kompyuta aliigawa flashi patisheni mbili, ya kwanza ndogo ya exFAT (mpangilio wa faili ambao hata Windows inausoma) kwa fomu tupu na vipeperushi ambavyo kila mtu anaweza kuviona, ya pili kubwa ikafungwa kwa LUKS na ndani yake ext4, mpangilio wa faili wa Linux. Alifanya kama inavyofanywa kila mahali, kwa cryptsetup, programu ya kusimamia LUKS:

sudo cryptsetup luksFormat /dev/sda2
sudo cryptsetup open /dev/sda2 siri
sudo mkfs.ext4 /dev/mapper/siri

Hakuna kosa hapo. Laptopu ile diski yake ni NVMe, ambayo haichukui majina ya sd, kwa hiyo flashi ikija Linux inaiita sda, akaweka paswedi ngumu yenye herufi, namba na alama, akajaribu kufunga na kufungua pale pale Tanga, ikakubali. Flashi ikapanda basi.

Jioni yake nikapigiwa simu na dada anayesimamia kituo cha Lushoto.

"Kaka, flashi imekufa. Tunaweka paswedi ileile tuliyopewa, inakataa."

Nikamwambia dada pole, naomba msibofye kitu chochote, na msiichomeke kwenye mashine nyingine.

"Tumeshaichomeka kwa jirani kaka, ile kompyuta yake ya Windows. Imesema tuifomati."

"Mmekubali?"

"Hapana, tumeogopa."

Ule woga ndo uliookoa kila kitu. Kwa wasiojua kilichopo kwenye kichwa cha patisheni ya LUKS2, ni hivi: mwanzoni kabisa kuna heda (maelezo ya namna patisheni ilivyofungwa), inaandikwa mara mbili, nakala ya kwanza inaanzia baiti 0 na ya pili inaanzia baiti 16384, zikifuatiwa na eneo la sloti za funguo, na eneo lote hilo kwa kawaida ni MiB 16 ndo data yako inaanza. Ufunguo halisi uliofunga data haupo kichwani kwa mtu yeyote, upo ndani ya sloti, umefungwa kwa paswedi yako. Eneo la sloti likiandikwa juu na huna bakapu ya heda, basi, hata ukiwa na paswedi sahihi mkononi data haitarudi, hakuna fundi Kariakoo wala Ulaya atakayeirudisha. Kufomati haraka kunaandika hapo hapo mwanzoni. Ndo maana kile kidirisha cha Windows nakiogopa kuliko mwizi wa flashi, mwizi anaondoka na kitu asichoweza kukisoma, kidirisha kinakuachia flashi yako isiyosomeka na wewe mwenyewe.

Sasa turudi kwenye ugonjwa wenyewe. Nilikuwa na washukiwa watatu kichwani. Wa kwanza ni nguvu ya umeme, Pi ikiwa na adapta dhaifu vitu vya USB vinakatika katika, ila flashi inakula kidogo na patisheni ya exFAT ilikuwa inafunguka vizuri, kwa hiyo nikamwacha. Wa pili ni kibodi. Hili wengi hawalijui: Raspberry Pi OS usipoigusa inakuja na mpangilio wa kibodi wa Uingereza, na kwenye mpangilio huo ukibonyeza shifti na 2 hupati @, unapata alama ya kunukuu. Paswedi ilikuwa na @ ndani yake. Unaandika paswedi sahihi kabisa, nyota zinaonekana zote, idadi ni ileile, lakini kilichoingia ni kitu kingine. Huyu nilimshuku sana.

Wa tatu nilikuwa nimemsahau mpaka nilipoona skrini.

Nilimwomba dada aache kile kidirisha cha kubofya bofya, kwa sababu kidirisha kinakwambia tu kufungua kumeshindikana na mtu akisoma vile anaelewa paswedi imekataliwa. Tukaenda kwenye teminali, akawa ananitumia picha kwa WhatsApp. Kwanza hii, ambayo haibadilishi kitu chochote:

lsblk -f

Ikaonyesha sda1 exfat, sda2 crypto_LUKS toleo la 2. Vizuri, maana yake heda ipo na inatambulika, flashi haijafa. Halafu:

sudo cryptsetup open /dev/sda2 siri

Akaandika paswedi, akapiga picha, na kwenye picha kulikuwa na sentensi hii: Not enough available memory to open a keyslot.

Hiyo sentensi isomeni vizuri maana ndo kisa chote. Mtu akikosea paswedi, cryptsetup inasema kitu tofauti kabisa, inasema No key available with this passphrase. Ya pili inamaanisha nimejaribu, haikufunguka. Ya kwanza inamaanisha sijajaribu hata, sina nafasi ya kujaribia. Watu wa Lushoto walikuwa wamesharudia paswedi ile mpaka wakaanza kulaumiana nani kaiandika vibaya kwenye karatasi, na mashine ilikuwa haijawahi kuijaribu hata mara moja.

Nikaomba picha nyingine mbili. Ya kwanza ya free -m, ambayo ilionyesha RAM yote haifiki hata 1000, kwa sababu Pi inamega kipande cha hiyo GB 1 kwa ajili ya picha za skrini. Ya pili ni hii, ambayo haihitaji paswedi ya flashi wala haigusi data:

sudo cryptsetup luksDump /dev/sda2

Chini kwenye Keyslots, sloti 0, kuna mistari minne ya kutazama: PBKDF argon2id (njia ya kugeuza paswedi kuwa ufunguo), Time cost 6, Memory 1048576, Threads 4. Hiyo Memory inahesabiwa kwa KiB, kwa hiyo ni GiB 1 kamili. Flashi inadai GiB 1 ya memori ili paswedi ijaribiwe, na mashine yenyewe haina GiB 1. Mkeka wa futi kumi hautandikiki kwenye chumba cha futi nane, hata uwe na bidii gani.

Kwa nini inadai yote hiyo? Paswedi ya binadamu ni fupi na inakisika, kwa hiyo kabla ya kuitumia inapitishwa kwenye hesabu nzito makusudi, ili anayekisia alipe gharama kila akijaribu. Zamani LUKS ilikuwa inatumia PBKDF2, ambayo uzito wake ni marudio tu, na kadi za michoro zinafanya marudio mengi kwa wakati mmoja kwa bei rahisi. Argon2, iliyoshinda shindano la kimataifa la hashi za paswedi mwaka 2015, inaongeza gharama ya memori, kila jaribio linataka eneo kubwa la RAM, na hapo anayekisia kwa kadi za michoro anakwama kwa sababu hawezi kuwa na eneo hilo mara elfu kwa wakati mmoja. LUKS2 ilikuja na cryptsetup 2.0 mwaka 2017, ikawa ndo chaguo la kawaida toleo la 2.1 mwaka 2019, na argon2id ikawa ya kawaida toleo la 2.4 mwaka 2021. Ni hatua nzuri sana, mimi naiunga mkono kwa mikono miwili.

Ila kuna kitu kimoja kwenye namna kipimo kinavyochaguliwa. Ukipiga luksFormat bila kutaja kiwango, cryptsetup inaipima mashine uliyokaa nayo wakati huo. Inalenga kufungua kuchukue kama sekunde 2 kwenye mashine hiyo, inakwenda mpaka GiB 1 ya memori, na haizidi nusu ya RAM iliyopo. Kwa hiyo kama kijana angeitengeneza flashi juu ya Pi yenyewe, memori isingezidi nusu ya kilichopo pale, na ingefunguka Lushoto na Tanga bila shida. Aliitengeneza kwenye GB 16, ikachukua kiwango cha juu. Kwa diski ya ndani ya laptopu utaratibu huo ni sahihi kabisa kwa sababu diski haihami. Kwa kitu kinachosafiri ni tofauti, flashi inatakiwa ipimwe kwa mashine dhaifu kuliko zote itakazokutana nazo njiani, na cryptsetup haina namna ya kuijua mashine hiyo usipoiambia.

Hapo yakaja mapendekezo, maana ukisema tatizo lako kila mtu ana dawa. Mmoja akasema ongezeni swapu kwenye Pi, yaani sehemu ya kadi itumike kama RAM ya ziada. Nikakataa. Kadi ya SD ya ile Pi haijafungwa, swapu ikiwa pale vipande vya vitu vilivyofunguliwa kwenye memori vinaweza kuandikwa kwenye kadi vikabaki, na tunafanya yote haya ili maelezo yasikae mahali pa wazi. Mwingine akasema badilisheni irudi PBKDF2, inafunguka popote. Kweli inafunguka popote, na ndo inavyomrahisishia anayekisia. Kuna aliyesema nunueni Pi ya RAM kubwa, sawa, siku hela ikipatikana, ila leo kuna kesi mahakamani zinasubiri.

Tulichokubaliana ni kuongeza sloti ya pili. LUKS2 inaruhusu mpaka sloti 32, na kila sloti ina paswedi yake na kiwango chake cha memori, zote zinafungua ufunguo uleule mmoja. Sloti 0 ibaki na uzito wake kwa ajili ya Tanga, sloti 1 iwe nyepesi kwa ajili ya Lushoto. Hii inafanyika kwenye mashine inayoweza kufungua sloti 0, kwa hiyo flashi ikabidi ishuke.

Iliposhuka Tanga ikagoma na huko. Kijana akapiga cryptsetup open, akajibiwa Device siri already exists. Hapa tena watu wakashtuka, lakini hili ni jingine na ni dogo: safari ile ya kwanza flashi ilichomolewa bila kufungwa, laptopu ikalazwa tu usingizi haikuzimwa, kwa hiyo jina siri lilibaki limening'inia likishikilia kifaa ambacho hakipo. Hata flashi ilivyochomekwa upya ilikuja kama sdb badala ya sda, maana sda ilikuwa bado inashikiliwa na mzimu. Dawa yake ni kushuka kwa mpangilio, faili kwanza halafu kufuli:

sudo umount -l /mnt/siri
sudo cryptsetup close siri

Kisha ukachomoa, ukachomeka tena, ikarudi sda. Kabla ya kuimaunti, yaani kuiunganisha ionekane kama folda, tukaifungua na kuikagua kwa e2fsck -f /dev/mapper/siri kwa sababu ext4 iliyokatwa ghafla inahitaji kutazamwa. Ilikuwa salama. Kwa mtumiaji wa kawaida anayebofya, namna ya kuagana na flashi ni kuitoa kwa kile kitufe cha kutolea, kwa teminali ni udisksctl unmount, kisha udisksctl lock, kisha udisksctl power-off, hatua zote, na kidole kikae mbali na flashi mpaka amalize.

Kabla ya kugusa heda, bakapu. Hili silijadili na mtu:

sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sda2 --header-backup-file heda-lushoto.img

Faili linatoka MiB 16. Sasa ndo tukaongeza sloti:

sudo cryptsetup luksAddKey --pbkdf argon2id --pbkdf-memory 262144 --pbkdf-parallel 4 --pbkdf-force-iterations 4 /dev/sda2

Inakuuliza paswedi ya zamani kwanza, kisha mpya mara mbili, na inakaa kwenye sloti ya kwanza iliyo tupu ambayo hapa ni 1. Hiyo 262144 ni MiB 256, Pi inaimudu bila kufunga programu nyingine. Na ile force-iterations tumeiweka makusudi, bila hiyo cryptsetup ingepima tena kwa kasi ya laptopu, ikaona memori imepungua ikafidia kwa kuongeza marudio, na marudio yanayochukua sekunde 2 kwenye laptopu Lushoto yangemfanya dada asubiri mpaka adhani imekwama. 4 ndo kima cha chini kinachokubaliwa kwa Argon2.

Je, tumedhoofisha? Kidogo ndiyo, na ni lazima kusema wazi, kwa sababu mshambuliaji hachagui sloti ngumu, anachagua rahisi. Flashi ni imara kwa kiasi cha sloti yake dhaifu. Lakini RFC 9106, ile hati ya mwaka 2021 inayoeleza Argon2, kwa mashine zenye memori ndogo inapendekeza MiB 64 na marudio 3, kwa hiyo MiB 256 na marudio 4 si aibu hata kidogo. Pengo lililobaki tukaliziba kwa paswedi yenyewe. Tulichukua orodha ya maneno 1296 ya Kiswahili, tofauti tofauti, yasiyofanana kimaandishi, kwa sababu dadu nne zinatoa michanganyiko 1296 kamili, na kila dadu nne zikirushwa unapata neno moja. Maneno saba yanatoa kama biti 72, hiyo haikisiki na kadi za michoro zozote. Muhimu dadu zichague, si mtu, mtu akichagua ataweka jina la mwanae na mtaa wake. Na kwa kuwa ni herufi ndogo tupu na nafasi, lile tatizo la @ na kibodi ya Uingereza likafa lenyewe bila kuguswa. Dada wa Lushoto alisema hii ndo paswedi ya kwanza aliyowahi kupewa na akaishika kichwani, ile karatasi ikachomwa.

Tukaijaribu kabla haijapanda basi, kwa kutengeneza mashine pepe (kompyuta ya kuigiza) yenye RAM ya MB 1024 ndani ya laptopu na kuipa flashi. Tukaweka paswedi mpya. Jibu: Not enough available memory to open a keyslot.

Hapo kijana alinitazama kama mtu aliyeonewa. Tulichofanya ni sahihi, sloti 1 ipo, luksDump inaionyesha ina 262144. Kumbe ni hivi: usipotaja sloti, cryptsetup inazijaribu kwa mpangilio, inaanza na 0. Paswedi ikikataliwa na sloti 0 kwa kawaida inasogea kwenye 1. Lakini kosa likiwa ni memori haisogei, inasimama pale pale na kutoa ile sentensi. Kwa hiyo sloti nyepesi ilikuwa imekaa nyuma ya mlango ambao Pi haiwezi kuupita. Ukitaja sloti kwa mkono inakubali:

sudo cryptsetup open --key-slot 1 /dev/sda2 siri

Ila huwezi kumfundisha kila mtu wa kituoni kutaja sloti, wao wanabofya kidirisha. Kwa hiyo unaiambia heda yenyewe ianze na ipi:

sudo cryptsetup config /dev/sda2 --key-slot 1 --priority prefer

Baada ya hapo mashine pepe ikafungua, kwa kidirisha na kwa teminali. Tanga nao wakiweka paswedi yao ndefu ya zamani, inajaribiwa sloti 1 kwanza inakataliwa kisha sloti 0 inafungua, wanachelewa kidogo tu.

Kuna tabia moja iliyobaki ambayo ni lazima watu wa Lushoto waambiwe, na nimewaandikia kwa kalamu nene. Sasa hivi wakikosea herufi kwenye paswedi yao, Pi haitasema paswedi imekosewa. Itajaribu sloti 1, itakataliwa, itakwenda sloti 0, itakosa memori, itasema memori haitoshi. Kwa hiyo kwao ile sentensi ya memori imebadilika maana, sasa inamaanisha andika tena polepole. Najua inachanganya, na kama kituo kingekuwa na watu wengi zaidi ningependelea kuishusha na sloti 0 iwe MiB 256 kwa luksConvertKey ili makosa yote yaseme ukweli wake. Hapa tuliacha kwa sababu Tanga ndo wanaotunza kumbukumbu za muda mrefu na walitaka sloti yao ibaki ilivyo.

Kasi ya kusoma nayo iliulizwa. Chipu ya Pi 3 haina maelekezo ya AES, ile hesabu ya kufunga data, ndani yake, hata Pi 4 haina, mpaka Pi 5 ya mwaka 2023, kwa hiyo kila kipande cha data kinafunguliwa kwa nguvu ya prosesa ya kawaida. Kwa faili za sauti hutahisi tofauti. Ungekuwa unahamisha video kubwa kila siku ningekushauri uangalie Adiantum, njia nyingine ya kufunga data iliyobuniwa Google kwa ajili ya vifaa visivyo na AES na imo kwenye Linux tangu kernel 5.0, lakini hilo linachaguliwa wakati wa kutengeneza flashi, si baadaye kirahisi.

Kingine kilichowasumbua kidogo, flashi ilifunguka Lushoto lakini faili mpya zikakataa kuandikwa. ext4 inakumbuka namba ya mwenye faili, siyo jina lake, na mtumiaji wa Tanga alikuwa 1000 wakati wa Lushoto alikuwa 1001 kwa sababu kuna akaunti ilitangulia kwenye Pi. Wakapewa kundi moja lenye namba sawa pande zote mbili, folda ikawekewa kundi hilo, ikaisha.

Na kidirisha cha Windows sikukiacha. Patisheni ya pili ilikuwa imeandikwa kwenye jedwali la GPT (orodha ya patisheni za flashi) kwa aina ya kawaida ya Microsoft, ndo maana Windows iliipa herufi, ikashindwa kuisoma, ikaomba kufomati. Tulibadilisha aina yake iwe ya LUKS, flashi ikiwa haijamauntiwa popote:

sudo sgdisk --typecode=2:8309 /dev/sda

Hiyo inabadilisha lebo ya kwenye jedwali tu, haigusi heda wala data. Sasa jirani akiichomeka anaona exFAT na vipeperushi vyake, ile nyingine haipewi herufi na hakuna anayeombwa kufomati. Anayetaka kuharibu kwa makusudi bado anaweza, lakini anayebofya kwa haraka hafiki huko.

Baada ya yote tukachukua bakapu mpya ya heda, kwa sababu ile ya kwanza haina sloti 1. Ya kwanza tukaifuta, na hapa naomba watu wawe makini: bakapu ya heda inafunguka kwa paswedi zilizokuwepo siku ilipochukuliwa, milele. Ukija kuiua sloti ya mtu aliyeondoka kwa luksKillSlot na yeye ana bakapu ya zamani pamoja na flashi, bado anaingia. Hata chipu za flashi zenyewe huwa zinaandika upande mwingine na kuacha nakala ya zamani mahali usipoweza kupafikia, kwa hiyo kama paswedi imevuja kweli, kubadilisha sloti hakutoshi, unahamisha data kwenye flashi mpya yenye ufunguo mpya. Bakapu ya sasa ipo kwenye laptopu ya Tanga ambayo diski yake imefungwa, na nyingine ipo kwenye flashi ndogo ndani ya kabati la ofisi, mbali na ile inayosafiri.

Kijana ameshaandika skripti ya kutengenezea flashi zijazo, na mstari wa kufunga sasa unasomeka hivi, kwa hiyo sloti ya kwanza tu inatosha pande zote na mambo ya prefer hayahitajiki tena:

sudo cryptsetup luksFormat --type luks2 --pbkdf argon2id --pbkdf-memory 262144 --pbkdf-parallel 4 --pbkdf-force-iterations 4 /dev/sda2

Na kabla flashi haijatoka ofisini, skripti inachukua bakapu ya heda, kisha flashi inapelekwa kwenye mashine pepe ya MB 1024 na mtu mwingine, si aliyeitengeneza, anaandika paswedi kwa mkono wake mpaka ifunguke.